Tupige Picha na Maandishi

Likizo za shule zimekaribia. Familia nyingi za Maskati, Dubai na Doha zishakata tiketi za Unguja, Mombasa na Lamu, na inshallah zitarudi na simu zilizojaa picha. Nazijua picha zenyewe: kijana kaegemea mlango wa nakshi, miwani usoni, shaba inang'aa nyuma yake. Nzuri, sina ugomvi nazo. Ninaloomba ni kwamba safari hii tupige na maandishi.

Milango ile inasomeka. Mara nyingi mafundi walichonga aya ya Qur'ani kwenye kizingiti cha juu, na baadhi yao wakaweka jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria. Ukiupata mwaka, hesabu ni nyepesi: zidisha kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Mwaka 1300 unakuletea 1883. Mpe mjukuu aifanye mwenyewe, utaona atakavyokuvuta kwenda kutafuta mlango wa pili.

Nasema haya kwa sababu mwenyewe nilikosea. Ninayo picha ya Idi ya mwaka 1979, jamaa wote wamesimama mbele ya mlango wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Aliyepiga ni mimi. Nilishughulika na nyuso, kizingiti nikakikata. Baadaye nyumba iliuzwa, mlango ukang'olewa, na hatujui uliko.

Dada yangu aliyeko Maskati anashikilia kwamba mwaka uliochongwa ulikuwa 1318. Mimi nakumbuka 1308. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, na moja ni kijistari. Rangi ikishapakwa juu yake mara tatu nne, macho yanadanganya. Tofauti hiyo si ndogo. Babu wa baba yetu alihamia Unguja mwaka 1895. Ikiwa ni 1318, yaani 1900, nyumba aliijenga yeye. Ikiwa ni 1308, aliinunua kwa mtu mwingine, na jina la mtu huyo limetupotea. Waliokuwa wakijua, wote tushawazika.

Msiseme mji unalindwa. Kweli, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hata hivyo Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Ikiwa jumba la mfalme limefika huko, kibao cha rangi juu ya duka la fundi cherehani kitadumu kwa nani? Kibao kile kina jina la mtu na kazi yake, na pengine watoto wake wako Ruwi wanasoma haya.

Basi, mkipita vichochoroni, piga picha tatu: mlango mzima, maandishi kwa karibu, na nyumba pamoja na njia ilipo. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa la ubavu, kwani kivuli ndicho kinachoifanya nakshi isomeke; saa sita mchana kila kitu kinakuwa bapa. Na kabla ya simu, hodi. Ile ni nyumba ya watu, na barazani huenda wamekaa kina mama wasiotaka kupigwa picha. Mkiamkia kwa adabu, aghlabu mwenyewe atakuhadithieni zaidi ya mlivyouliza.

Kisha picha isilale kwenye simu. Itume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake andika mtaa, jina na mwaka. Ukikosea, yuko shangazi atakayekusahihisha kwa ukali. Mwache akusahihishe, na sauti yake uihifadhi.