Mvuvi apige hesabu kabla ya kufunga mashine mbili

Kuanzia Moa mkoani Tanga hadi Msimbati mkoani Mtwara, ni vigumu kupata dago ambalo wavuvi wake hawajabishana kuhusu mashine za boti. Wapo wanaoshikilia kwamba boti ya kwenda mbali lazima ifungwe mashine mbili. Wapo wanaosema mashine moja yenye nguvu inatosha, na ya pili ni kumpelekea fedha za bure muuza mafuta.

Ubishi huo si wa kupitisha muda wakati wa kushona nyavu. Kwa wavuvi wadogo wengi, mashine ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote katika boti. Hununuliwa kwa mkopo wa benki, wa SACCOS au wa tajiri anayenunua samaki. Mkopo wa tajiri mara nyingi hulipwa kwa kumuuzia yeye peke yake, kwa bei anayoipanga yeye. Anayekosea kuchagua mashine hukaa na kosa hilo kwa miaka.

Upande wa pili wa mizani kuna roho za watu. Maji ya pwani hii husukumwa na mkondo unaoelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi mkondo huo huongeza kasi. Katikati ya Pemba na bara, mahali ambapo kina ni cha mamia ya mita, nanga ya boti ndogo haigusi chini. Boti iliyozimikiwa na mashine hapo haisubiri mtu. Huchukuliwa kuelekea Kenya na mbele zaidi, na waliomo hubaki na maji ya kunywa waliyobeba walipotoka nyumbani.

Kwa hiyo hoja ya wanaotaka mashine mbili si ya kubezwa. Kinachopaswa kuulizwa ni kama mashine ya pili, jinsi inavyofungwa na kutumiwa kwenye boti nyingi, kweli inamletea mvuvi usalama anaodhani ameununua.

Kwanza ni suala la mafuta. Mashine zile zinazochanganywa petroli na oili, ambazo ndizo nyingi kwa wavuvi, hula takribani lita 0.4 hadi 0.5 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja, zikikimbizwa kwa moto wote. Mashine ya 40 itakula lita 16 hadi 20 kwa saa. Mashine ya 15 itakula lita 6 hadi 7.5. Mbili za 15 zikienda pamoja zitakula lita 12 hadi 15. Mashine zisizochanganywa oili hula pungufu ya hapo, ila huwa nzito na ghali kununua, na zinahitaji fundi anayezijua.

Pili ni umbo la boti. Boti ya mbao iliyojaa nyavu, barafu na watu haipandi juu ya maji kama boti nyepesi ya fiba ya kubebea watalii. Hiyo inayakata maji, na kila boti ya namna hiyo ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Boti nzito ya mita 8 kikomo chake ni kama maili 6 hadi 7 za baharini kwa saa. Kuizidisha hapo kunawezekana kidogo, lakini nguvu nyingi inayoongezwa huishia kutengeneza mawimbi nyuma ya tezi.

Ichukuliwe boti hiyo ya mita 8, inayokwenda maili 12 nje na kurudi maili 12. Ikifungwa mashine ya 40 na kukimbizwa maili 8 kwa saa, itatumia saa 3 na lita 54 hivi. Ikisukumwa na mashine ya 15 moja kwa maili 6 kwa saa, itatumia saa 4 na lita 27. Saa moja ya ziada inaokoa nusu ya mafuta.

Kama lita moja ni sh. 3,000, tofauti hiyo ni sh. 81,000 kwa safari moja. Mvuvi wa dagaa anayetumia taa, ambaye hupumzika siku za mbalamwezi na kwenda baharini usiku 18 kwa mwezi, atakuwa ameokoa sh. 1,458,000. Bei ya petroli hubadilika, kwa hiyo kila mmoja aweke bei ya siku hiyo. Nusu itabaki kuwa nusu.

Hesabu hiyo inawahusu hata wasiomiliki boti. Katika maeneo mengi ya pwani mafuta hutolewa kwanza kwenye mauzo, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye boti na mabaharia. Lita zinazochomwa bure zinatoka mfukoni mwa kila aliyevuta nyavu. Na pale ambapo mashine ina fungu lake katika mgawo, mabaharia wana haki ya kuuliza mapema kama mashine ya pili nayo itadai fungu.

Tatu ni usalama wenyewe. Mwenye mashine mbili huamini kwamba moja ikifa, nyingine itamrudisha. Imani hiyo ni sahihi endapo mashine hizo hazitegemeani. Lakini ukitazama boti nyingi utakuta mashine mbili zinanyonya kwenye tangi moja, kwa mpira mmoja uliogawanywa kwa kiungo, bila chujio la kutenga maji.

Petroli inayofika dagoni husafiri kwenye madumu. Huingia maji ya mvua, maji ya chumvi na mchanga. Uchakachuaji nao, uliowafanya EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, uliwafundisha wengi kwamba si kila kinachonuka petroli ni petroli. Maji yakishaingia kwenye tangi la pamoja, mashine zote mbili zitazima, moja baada ya nyingine. Mashine mbili zenye tangi moja, kwa hatari hiyo, ni sawa na mashine moja iliyonunuliwa mara mbili.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyavu na miamba. Propela mbili zilizo kina kimoja hupita juu ya mwamba mmoja na jarife moja. Nahodha anayeingia mlango wa matumbawe na mashine zote mbili zimeshushwa anaweza kuzipoteza zote kwa pigo moja.

Mwenye mashine mbili pia ana vitu mara mbili vya kuharibika: plagi, pampu za maji, propela na pini zake. Asiyekuwa na fedha za kuihudumia mashine moja hatazipata za kuhudumia mbili. Matokeo yake mashine ya pili huishia kuwa ghala la spea za ya kwanza, na siku ya hatari huwa ni pambo tu.

Uzito nao uangaliwe. Mashine ya 40 ya aina inayochanganywa oili huwa na kilo 70 na zaidi, na ya 15 ni kama kilo 35 hadi 40. Mbili za 15 kwa hiyo hazielemei tezi kuliko moja ya 40. Lakini anayefunga mbili za 40 ameweka watu wazima wawili wakae nyuma ya boti siku zote. Omo huinuka, tezi huzama, na ubao uliofungiwa mashine huanza kuachia misumari.

Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria kuna jambo la ziada. Huko wavuvi wamelia kwa miaka mingi juu ya kuvamiwa majini na kuporwa mashine. Anayebeba mbili anaweza kupoteza mbili kwa usiku mmoja.

Pamoja na hayo yote, zipo boti zinazostahili mashine mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Boti ya fiba iliyoundwa kukimbia juu ya maji, inayofuata jodari mbali na nchi kavu na kurudi kabla samaki hajapoteza bei, inahitaji nguvu hiyo. Lakini mwenyewe ajue kwamba mashine moja ikizima, boti hiyo haitaweza tena kupanda juu ya maji. Itatambaa, na mwendo utashuka kuliko nusu. Mafuta ya akiba yapimwe kwa mwendo huo wa kutambaa.

Boti nzito ya mbao ina nafuu hapo. Ikipoteza mashine moja kati ya mbili zinazolingana, hubaki na karibu robo tatu ya mwendo wake, mradi mashine iliyokufa inyanyuliwe ili isiburute majini.

Nafuu hiyo ndiyo inayoonyesha njia ambayo pande zote mbili za ubishi huisahau. Kwa boti nyingi za mbao za mita 7 hadi 9, mbili za 15 zitumike kwa zamu: moja ikishushwa, nyingine inanyanyuliwa. Safari hii moja inafanya kazi, safari ijayo mwenzake. Mafuta yanayotumika ni ya mashine moja, na nahodha anajua kila wakati kwamba ile ya pili inawaka, kwa sababu aliitumia juzi. Upepo wa kusi ukizidi au boti ikizongwa na mkondo, zote mbili zinashushwa kwa muda. Usukani utavuta kidogo upande mmoja kwa kuwa mashine haiko katikati, lakini hilo nahodha hulizoea kwa siku mbili.

Faida nyingine ni spea. Mashine mbili za aina moja hutumia plagi zile zile, pampu ile ile na pini zile zile. Mfuko mmoja wa vifaa unatosha kwa zote.

Lakini njia hiyo ina masharti yake. Kila mashine iwe na tangi lake, mpira wake na chujio lake. Mafuta ya matangi hayo yasitoke kwenye dumu moja, na yapitishwe kwenye chujio kabla ya kumiminwa. Oili ichanganywe kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Mashine nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa si kipimo. Na kila baada ya safari mashine isafishwe kwa maji baridi, kwani chumvi inayoganda kwenye njia za maji ndiyo inayoichemsha siku ya mbele.

Asiyeweza kununua mbili asione aibu. Mashine ndogo, kwa kila nguvu farasi moja, mara nyingi ni ghali kuliko kubwa, hivyo mbili za 15 zinaweza kuzidi bei ya moja ya 40. Mwenye moja ailinde kama mboni ya jicho na abebe akiba ambayo haina plagi: tanga. Mlingoti mfupi, foromali na tanga dogo havichomi mafuta, na vimewarudisha wazee wa pwani hii nyumbani kwa karne nyingi. Pamoja na tanga kuwe na kasia, maji ya kunywa, simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingiza maji na jaketi okozi kwa kila aliyemo.

Wenye kukopesha nao wana sehemu yao. Benki na vyama vya akiba visipime mradi wa mvuvi kwa ukubwa wa mashine anayoomba. Viulize urefu wa boti, umbali anaokwenda, samaki anaowafuata na lita atakazochoma, kisha vijumlishe bei ya chujio, tangi la pili na mfuko wa spea ndani ya mkopo huo huo. Mkopo wa mashine bila vitu hivyo ni mkopo wa nusu boti.

Wauzaji wa mashine wasiishie kumkabidhi mteja sanduku. Boti nzito ya uvuvi inahitaji propela ya kazi nzito na si ya mwendo kasi. Mashine nzuri yenye propela isiyofaa hula mafuta na kuchoka mapema, kisha lawama huangushiwa mashine.

Maofisa uvuvi, vikundi vya BMU na wakaguzi wa vyombo vidogo vya majini nao wasihesabu mashine tu. Waangalie kama kila moja ina mafuta yake, na kama ya pili inawaka. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa pale ufukweni.

Wahenga walisema bahari haishi zinge, na hakuna idadi ya mashine itakayoizuia bahari kuwa bahari. Mvuvi aliyechagua kwa hesabu anajua kwa nini alinunua mashine ya pili: ni kwa ajili ya kurudi, si kwa ajili ya kukimbia. Akiitumia kukimbia kila siku, siku ya kurudi huenda isiwepo.