Faili ya usalama: siri hii inamlinda nani?

Kila mara KDF inapotangaza usajili wa makurutu, viwanja vyetu vya Kwale, Kilifi na Mombasa hujaa vijana tangu alfajiri. Wanapimwa kimo, wanakaguliwa meno, wanakimbizwa juani, vyeti vyao vinageuzwa huku na huku. Hayo yote hufanyika mbele ya macho ya watu, na anayeachwa huwa anajua kilichomwangusha. Kimo hakikutosha, au alama za mtihani zilikuwa duni. Lakini iko hatua nyingine isiyo na uwanja wala mashahidi. Ni uchunguzi wa kiusalama, na matokeo yake huandikwa kwenye faili ambayo mhusika mwenyewe haioni.

Tusiichanganye faili hiyo na zile karatasi tulizozizoea. Anayetafuta kazi serikalini hukimbizana na cheti cha tabia njema cha DCI, ambacho hulipiwa Sh1,050, kisha stakabadhi za KRA, HELB, EACC na za wakopaji kutoka CRB. Zinaudhi, zinagharimu, lakini unazishika mkononi. Jina lako likikosewa utaliona, na ukiandikiwa deni la mtu mwingine utapiga kelele. Ripoti ya kijasusi ni jambo jingine. Sheria ya Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, NIS, ya mwaka 2012 inaipa idara hiyo kazi ya kutoa ripoti za siri kuhusu watu wanaotafuta nyadhifa fulani serikalini. Ripoti inapelekwa kwa mwajiri. Wewe unabaki kusubiri simu.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na uchunguzi wenyewe. Pwani ilizika watu Mpeketoni mwaka 2014, na Januari 2020 tukaamka kusikia kambi ya Manda Bay imevamiwa. Mtu anayekabidhiwa bunduki Mtongwe, au boti ya walinzi wa pwani pale Liwatoni, lazima ajulikane ni nani na anadaiwa na nani. Ninachouliza ni kuhusu siri ya faili hiyo, maana naona tumechanganya siri mbili. Kuna kuificha faili ili wasioihusu wasiione, na hiyo ni haki ya anayechunguzwa. Halafu kuna kumficha yeye mwenyewe. Kwetu hiyo ya pili imelindwa vizuri kuliko ya kwanza.

Kisa cha majaji sita kinaonyesha hali hiyo kuliko mfano wowote ninaoujua. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, ilipendekeza majina 41 ya majaji wa kuteuliwa. Mmoja akafariki, wakabaki 40. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua. Upande wa serikali ulisema kuna ripoti za kijasusi zilizowatilia shaka baadhi yao. JSC ikashikilia kwamba haikuletewa ushahidi wa kuwazuia. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba rais hana mamlaka ya kuyakataa majina hayo, na bado mambo yakasimama. Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita: Aggrey Muchelule, George Odunga, Joel Ngugi, Weldon Korir, Judith Omange na Evans Makori, ambaye wengi hapa Mombasa walimfahamu kama hakimu mkuu wa mahakama yetu.

Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa majaji watano waliouangusha mchakato wa BBI majuma machache tu kabla ya uteuzi huo. Kila mtu akapiga hesabu zake. Huenda hesabu hizo zilikuwa sahihi, huenda hazikuwa, na hapo ndipo penye tatizo. Umma haujawahi kuonyeshwa yaliyoandikwa. Sita hao waliishi miaka mitatu wakiwa watu ambao "kuna jambo" juu yao, bila ya jambo lenyewe kutajwa. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoingia madarakani aliwateua mara moja, na wakaapishwa. Kama ripoti ilikuwa ya kweli na nzito, basi tumewaapisha watu hatari. Kama haikuwa, waliharibiwa jina bure. Nchi haijui ni lipi kati ya hayo mawili, na hakuna anayeonekana kuhangaika kutaka kujua.

Hao walikuwa majaji, watu wenye mawakili na magazeti yaliyowataja kwa majina. Kijana wa Likoni aliyeachwa kwenye orodha hana wakili wala gazeti. Tena huku kwetu kuna jambo ambalo wa Nairobi huenda hawalifikirii sana, nalo ni majina. Ingia Majengo au Mji wa Kale uite Ali Mohamed Ali, watageuka watano. Mmoja wao akiwahi kukamatwa, hao wanne wengine wana kila sababu ya kuhofu kwamba jina lake litaingia kwenye faili zao. Kosa kama hilo hurekebishwa kwa njia moja tu, yaani mwenye jina aonyeshwe kilichoandikwa naye aseme, "Huyu si mimi." Faili isiyoonekana haina wa kuisahihisha.

Katiba imeliona hilo. Kifungu cha 31 kinamlinda kila mtu dhidi ya habari za familia yake au mambo yake ya faragha kutakwa au kufichuliwa bila haja. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Baadaye ikaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwaka uliofuata tukapata Kamishna wa Data, Immaculate Kassait. Afisi yake haikukaa bure. Septemba 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani ikatozwa Sh1.85 milioni kwa picha za wateja wake.

Lakini sehemu ya 51 ya sheria hiyo hiyo inaondoa masharti pale data inaposhughulikiwa kwa ajili ya usalama wa taifa au maslahi ya umma. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba kazi ya vyombo vitatu vilivyotajwa na Kifungu cha 239 cha Katiba, yaani KDF, NIS na polisi, inahesabiwa kuwa ya usalama wa taifa moja kwa moja. Mwingine yeyote anayetaka msamaha huo sharti amwombe waziri. Kwa hivyo klabu inatozwa faini kwa picha ya mtu aliyekuwa akicheza dansi, ilhali faili inayoweza kumfungia mtu riziki maisha yake yote imewekwa pembeni.

Ingawa si yote iliyowekwa pembeni. Isome tena sehemu ya 51, safari hii uanzie juu. Kabla ya kutoa msamaha, inasema hakuna anayeondolewa wajibu wa kufuata misingi michache: data ishughulikiwe kihalali, ikusanywe ile inayohitajika tu, iwe sahihi, na iwekewe ulinzi. Wanasheria wetu hulipita neno hilo "sahihi" haraka mno. Ikiwa hata NIS inapaswa kuweka data sahihi, ni nani anayeihakiki? Anayejua kama uliishi Tudor au Tononoka mwaka 2016 ni wewe.

Wapo wanaosema hakuna nchi inayomwonyesha mtu faili yake ya usalama. Si kweli, na mfano ni Marekani, nchi isiyojulikana kwa upole katika mambo haya. Anayeomba kibali cha usalama huko hujaza fomu iitwayo SF-86, yenye zaidi ya kurasa 100. Hueleza alipoishi miaka kumi iliyopita, madeni yake, dawa za kulevya, afya ya akili, ndugu zake na wageni anaowasiliana nao. Sheria ya faragha ya mwaka 1974 inamruhusu kuomba nakala ya faili yake. Majina ya waliohojiwa kwa ahadi ya siri huzibwa, naye husoma yaliyobaki. Akinyimwa kibali, amri ya rais ya mwaka 1995, nambari 12968, inataka apewe sababu kwa maandishi kwa kadiri usalama unavyoruhusu, ajibu, kisha akate rufaa mbele ya jopo la watu wasiopungua watatu. Si pepo. Katika kesi ya Egan mwaka 1988, kibarua wa karakana ya nyambizi aliyepoteza kazi kwa kunyimwa kibali, Mahakama ya Juu ilisema uamuzi wenyewe wa kumnyima si wa kupimwa upya na bodi ya rufaa za wafanyakazi. Hata hivyo, kibarua huyo alielezwa alichoshukiwa nacho na akapata nafasi ya kujibu. Majaji wetu sita hawakuwa na mlango rasmi wa namna hiyo wa kujibu ripoti iliyowazuia.

Na hao hao Wamarekani waliokuwa waangalifu kwa mwenye faili walizembea mlangoni. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wadukuzi, ambao maafisa wa Marekani waliwahusisha na China, waliingia kwenye kompyuta za OPM, afisi inayosimamia wafanyakazi wa serikali, wakachota rekodi za uchunguzi za watu milioni 21.5. Kati yao milioni 19.7 walikuwa waombaji wa vibali. Milioni 1.8 hawakuwa wameomba chochote, wengi wakiwa wake, waume na wapenzi wanaoishi na waombaji. Alama za vidole za watu milioni 5.6 zikaenda pia. Mkurugenzi wa afisi hiyo, Katherine Archuleta, akajiuzulu. Nywila unaweza kuibadilisha kesho asubuhi, kidole huwezi.

Hilo linatufikia hadi huku. Pwani ina watoto wake Marekani, na wapo Wakenya waliopata uraia na kuvaa sare ya jeshi la huko. Mmoja wao akiomba kibali, anamwandika mamake aliye Kisauni, ndugu zake, na shemeji zake. Mama huyo hajui kwamba yumo. Ile sheria ya 1974 inawatambua raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu, na nyongeza iliyopitishwa baadaye ilizifungulia mlango nchi chache washirika, nyingi zikiwa za Ulaya. Kenya haimo. Wala jamaa waliotajwa jina na anwani tu hawakuhesabiwa kwenye ile milioni 21.5. Faili ya usalama huitwa kwa jina la mtu mmoja lakini ndani mna ukoo mzima.

Sisi tuliliona hilo kwa namna yetu. Kuanzia Desemba 2013 tume ya NPSC, ikiongozwa na Johnston Kavuludi, iliwapiga msasa maafisa wa polisi hadharani, na taarifa zao za benki na M-Pesa zikachambuliwa mbele ya kamera. Wananchi tulifurahi, na sababu tulikuwa nayo, kwa kuwa mshahara wa trafiki na miamala yake havikulingana. Lakini taarifa ya M-Pesa ina pande mbili. Aliyetumiwa Sh3,000 za karo naye jina lake limo, na yeye hakuomba cheo chochote. Ajabu ni kwamba katika nchi hiyo hiyo jaji hakuonyeshwa faili yake, na afisa wa trafiki faili yake ilionekana sebuleni kwa kila mtu. Inaonekana hatuna kanuni, tuna mazoea ya kila afisi.

Kanuni ninayoitaka si ya kufungua kabati la majasusi. Anayenyimwa kazi kwa ripoti ya usalama aambiwe kwamba sababu ni ripoti, badala ya kuachwa akidhani hakusoma vya kutosha. Apewe kiini cha shaka hiyo kwa maandishi, huku majina ya watoa habari yakizibwa, na apewe siku kadhaa za kujibu mbele ya mtu ambaye hakuiandika. Ripoti ya kijana aliyeachwa isikae milele ikimsubiri atakapoomba kazi bandarini akiwa na miaka 35. Na watu wa pembeni waliotajwa wasisomwe majina yao hadharani. Bunge linaweza kuyaandika haya kwenye sheria ya NIS bila ya kubadilisha Katiba. Kamishna wa Data, kwa nguvu ya ile misingi iliyobakishwa na sehemu ya 51, anaweza kuanza kuuliza leo maswali ya usahihi na ulinzi.

Wakati tukisubiri, iko njia nyembamba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia afisi ya umma iliyokukataa, kwa Kiswahili ukipenda, uombe habari zilizotumiwa kufanya uamuzi huo. Inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikataa kwa hoja ya usalama wa taifa, na huenda ikakataa, itakupa sababu kwa maandishi, na una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Mwandikie aliyekunyima kazi, usianze na NIS. Na uweke nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.