Pointi za kalasi na pointi za Exetat: ni zipi zinasema kweli?



Matokeo ya Exetat yakitoka, tunajua vile inakuwaka mu makartier yetu ya Kolwezi, Likasi, Kipushi na Kambove. SMS inaingia, poudre nyeupe inamwagika ku vichwa, mituka inapiga kalakso mpaka usiku. Ni furaha ya haki. Mzazi aliyelipa minerval miaka yote na mshahara wa équipe ya usiku, muache acheze. Lakini poudre ikishatoka mu nywele, watu wanaanza kuja kutuona ku biro ya sendika na karatasi 2 mu mkono: buletini ya mwaka wa mwisho na matokeo ya Exetat. Na hizi karatasi 2 hazisikilizane hata kidogo.

Kuko namna 2. Ya kwanza: mtoto wa mwenzetu, dereva wa benne, alikuwa na 78% mu kalasi, wa pili mu proclamation, na ku Exetat akatoka na 51%. Baba anauliza: «Walinidanganya ku masomo, ao walimuiba ku Kinshasa?» Namna ya pili ni kinyume: kijana wa 52% mu kalasi, aliyevukishwa kwa huruma ya walimu, na Exetat inamupa 71%. Wa namna hii hawakuje kulalamika, njo maana hatuwasikie. Tunakutana nao nyuma, ku mlango wa kampuni, siku ya test ya kazi.

Tuseme kwanza kitu kimoja, juu watu wengi wanarukia kusema «ni wizi» mbele ya kufikiri. Pointi za kalasi na pointi za Exetat hazipime kitu kimoja. Mu kalasi mwalimu anapima mwaka muzima: interrogation, devoir, ekzame za semestre. Mtoto anayefika kila siku, anayeandika muzuri, anayejua vile mwalimu wake anaulizaka, atapanda. Exetat yenyewe ilianzishwa mu 1967 ili inchi nzima ikuwe na kipimo kimoja. Dissertation na jury pratique vinafanywa mbele, kisha siku 4 za session: culture générale, sayansi, luga, na masomo ya option. Mule mu session ni kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa, na saa iko inakimbia. Mtoto aliyezoea kueleza kalkili yake mustari kwa mustari mu daftari, na kupata nusu ya pointi juu njia ilikuwa ya muzuri, pale hana nusu. Ni jibu ao sufuri. Kwa hiyo kuachana kwa pointi 5 ao 10 si ajabu, hata mu shule ya kweli. Mzazi asimupige mtoto juu ya pointi 8.

Lakini pointi 27 ni jambo ingine.

Tuseme wazi kwa nini buletini za mu shule zetu nyingi zimenenepa. Ekole primere ya serikali iko bure tangu 2019, lakini sekondari hapana, na mu shule za watu binafsi mzazi ni kiliya. Prefe anajua kama akitoa 45% kwa nusu ya kalasi, mwezi wa 9 nusu ile iko ku shule ya jirani, na minerval yao pia. Mwalimu naye anajua kama mshahara wake unatoka mu minerval ile. Kuko na walimu wanaofundisha miaka bila kulipwa na serikali, wale wanaoitwa «nouvelles unités», wanaishi na prime ya wazazi tu. Mtu wa vile, unamuomba asimame mbele ya kalasi ya watoto 60 na aseme kweli yote? Sisi watu wa sendika hatuwezi kumutupia mwalimu jiwe. Tunajua vile inakuwa mtu akitumika bila kulipwa. Ila tunasema pia: pointi iliyotolewa juu ya njaa inabaki pointi ya uongo. Na ile pointi ya kununuliwa, ya feza ao ya mwili wa binti yetu, ile haina njaa ya kuitetea. Ile ni ya kupeleka ku parquet.

Kuko pia sababu isiyo uongo wa mtu. Programu ya taifa inaomba chimie na manipulation, lakini shule haina hata éprouvette moja. Mwalimu anafundisha kile anaweza, anauliza kile amefundisha, mtoto anapata 78% ya kile. Exetat inauliza programu nzima. Ile 78% ni ya kweli, lakini ni ya nusu ya masomo. Ni kama kupima benne iliyojaa nusu na kuandika «imejaa» juu hakuna mwenye kuona ndani. Na inachekesha kidogo, kama si ya kulia: watoto wanaoishi pembeni ya fabrike zinazotumia asidi sulfuriki kila siku, wanajifunza asidi ku tableau tu.

Sasa ku upande wa Exetat yenyewe. Tusifanye sawa vile kipimo cha Kinshasa ni kitakatifu. Kila mwaka tunasikia maquis: nyumba ambamo watoto wanalala pamoja siku za session, wengine kusoma kweli, wengine kungojea majibu yanayoingia mu telefone. Na wazazi ndio wanatoa feza. Tuseme vizuri: wazazi, ni sisi. Shule zingine zinaomba «frais» isiyo na jina, mzazi anaelewa, analipa, anakaa kimya, kisha anapachika ku ukuta 71% ya mtoto. Na shule inaandika ku banderole yake: 100% ya réussite. Njo maana sisi shule ya 100% haitushangaze tena. Inatushangaza ile inayosema «watoto wetu 31 walijaribu, 22 walipita», na pointi zao za kalasi zinafanana na za Exetat. Ile, muandikishe watoto mule.

Juu ku mwisho kuko mpimaji wa tatu, na yule hana huruma. Kampuni inapotafuta opérateur ao aide-laborantin, inatoa karatasi moja: benne iko na 20 m³ ya mawe, densité ni 1,6, ni tani ngapi? Ni 32. Tumeona diplomé wa 71% akiangalia ile swali sawa vile imeandikwa mu luga ya mbali. Kisha kampuni inasema kama vijana wa hapa hawana niveau, inaleta watu wa nje, na sisi mu négociation hatuna cha kujibu, juu wanatuonyesha zile karatasi za test. Kila diplome ya uongo inatuharibia mdomo wetu ku meza ile. Na binti yule wa 51%? Test ile angeweza kuipita, juu anajua kalkili. Lakini dosie yake ilitupwa mbele ya test, sababu waliweka 60% ya Exetat kuwa mlango. Pale tunapinga. Kampuni ikitaka kujua nani anajua, ipime wote. Isifunge mlango na namba moja ambayo kila mtu mu kartier anajua vile inapatikanaka.

Wazazi, mu Desemba musiangalie buletini tu. Muombe kopi za interrogation. Kama mwaka muzima mtoto hana hata kopi moja yenye bic rouge, pointi zile zilitoka wapi? Muulize mtoto akueleze somo moja na mdomo wake, hata kama wewe hukusoma. Mtu anayejua kitu anaweza kukieleza kwa mama yake. Na mu mwaka wa mwisho muombe shule ipime watoto na maswali ya Exetat ya miaka iliyopita, mbele ya Pasaka, ili kuachana kwa pointi kuonekane wakati bado kuko na kitu cha kufanya.

Ku upande wa feza, isiseme mtu kama haiko. Code minier ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wanaoishi pembeni ya mine, na 15% ya redevance minière ni ya ma entité ya chini, commune, secteur na chefferie. Tumeona shule zikijengwa na feza ile, zikipakwa rangi, zikikatiwa ribane mbele ya kamera. Muzuri. Lakini mabati hayafundishe chimie. Tunaomba laboratware, vitabu, na prime ya mwalimu isiyopita mu mkono wa mzazi, ili mwalimu aweze kuandika 45% na alale usingizi.

Mu kampuni ambamo convention collective inalipa sehemu ya minerval, délégation syndicale itaomba kitu cha mupya: shule inayopokea feza ile itoe kila mwaka pointi za kalasi na pointi za Exetat za watoto wetu, pembeni kwa pembeni, bila majina. Kwa hiyo tunawaomba wenye kuwa na karatasi zile 2 nyumbani, hata za mwaka uliopita, hata za aibu, wazilete ku biro yetu mbele ya négociation kuanza. Jina la mtoto mulifunike na kartoni.