Kufunguka Si Kuonekana

Mwandishi anayetaka kila lahajedwali ihifadhiwe kwa muundo wa .xls, ati ndio unaofunguka kila mahali, hakujiuliza kinachofunguka ni nini. Muundo huo wa Excel 97 hadi 2003 hauvijui vichati vidogo vya ndani ya seli vilivyoletwa na Excel 2010. Mpokeaji hukuta seli tupu. Mchoro wa SmartArt hugeuzwa picha. Utaonekana, sawa, lakini jaribu kusahihisha jina lililokosewa ndani yake! Data nayo ikizidi mistari 65,536, inayobaki hukatwa, na chati iliyoitegemea hubaki ikisema uongo.

Anasema programu itaonya. Huonya kweli, nasi tunabofya kuendelea kabla ya kusoma.

Anapowatetea wenye kompyuta kuukuu wasioweza kufungua muundo mpya, namkubalia nusu tu. LibreOffice ni ya bure na inafungua muundo huo mpya, .xlsx; anayetaka kutazama tu atumiwe PDF. Na bosi aking'ang'ania .xls, tengeneza nakala, bandika humo chati zako kama picha, umpe hiyo. Faili ya asili usiiguse.