Njia ya Uwakili na Lugha ya Mshitakiwa

Kijana akisema kwamba ataka kuwa wakili, washauri humjia kutoka kila upande. Mmoja humwambia anoe Kiingereza chake. Wa pili humwambia azoee kusema mbele ya watu. Wa tatu huuliza wazazi wake wana mali kiasi gani. Ni nadra kupata wa nne wa kumwuliza: Utamtetea nani, naye atakuelewa kwa lugha gani? Swali hili limesahauliwa muda mrefu, na kusahauliwa kwake kumewadhuru watu.

Njia yenyewe ni ndefu, wala haifai kufichwa. Kwanza ni shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne ya chuo kikuu. Baada yake ni Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1963. Huko mwanafunzi hujifunza kazi yenyewe: kuandika hati, kuendesha kesi za madai na za jinai, kuhamisha milki ya ardhi, kusimamia mirathi na kushika maadili ya uwakili. Hutahiniwa katika masomo tisa. Kadhalika hana budi kutumika miezi sita chini ya wakili mzoefu, na mwisho hula kiapo mbele ya Jaji Mkuu.

Siulaumu urefu huu. Mtu atakayekabidhiwa uhuru wa mwenzake hana budi kupimwa kwanza. Lawama yangu ni kwamba katika safari hii yote Kiswahili hakina kituo.

Tazama mlango wenyewe. Sheria ya Chuo cha Sheria ya mwaka 2012, kwa wale wanaopimwa kwa mtihani wa KCSE, iliandika wastani wa C+ pamoja na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Basi sheria ilikiri kuwa Kiswahili ni ufunguo. Lakini aliyefungua mlango kwa ufunguo huo hutakiwa kuuacha kizingitini. Hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na katika masomo yale tisa hakuna hata moja la kumfunza kumhoji shahidi kwa Kiswahili.

Sasa twende mahakamani. Katika mahakama za chini sheria yaruhusu Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu lugha iliyowekwa ni Kiingereza. Mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe amesimama kizimbani. Hakimu, mwendesha mashitaka na wakili wanajadiliana juu ya miaka ya maisha yake, naye anatazama midomo yao tu. Kweli, kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kimempa haki ya mkalimani bila malipo, na haki hiyo ni njema. Lakini neno likipita katika vinywa viwili laweza kufika limepungua. "Nilimchukua ng'ombe" si sawa na "nilimwiba ng'ombe": la kwanza ni maelezo, la pili ni kukiri kosa. Kati ya maneno hayo mawili pana mlango wa gereza. Wakili asiyekijua Kiswahili barabara atatambuaje kuwa tafsiri imepotoka, na kuipinga kabla haijaandikwa?

Wapinzani husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Hoja hii imechakaa. Hukumu, shahidi, dhamana, wasia, mirathi, mdai na mdaiwa si maneno yaliyobuniwa jana. Mengi yake yalitumika mbele ya makadhi wa pwani kabla Nairobi haijawa mji. Katiba yetu yenyewe imefasiriwa kwa Kiswahili. Jirani yetu Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapokihitaji. Lugha hukosa maneno ya kazi isiyopewa. Ipewe kazi, nayo itayapata.

Wengine husema kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama ya Wakenya wengi. Ni kweli, na mkalimani atahitajiwa daima. Lakini kifungu cha 7 cha Katiba chasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kushindwa kuwafikia wote si udhuru wa kuwaacha wale tunaoweza kuwafikia.

Sisemi kwamba Kiingereza kitupwe. Hukumu nyingi ambazo wakili hana budi kuzisoma zimeandikwa kwa lugha hiyo. Nasema kwamba asile kiapo mtu asiyeweza kumweleza mteja wake shitaka lake kwa Kiswahili sanifu. Chuo cha Sheria na kiweke somo hilo, na Baraza la Elimu ya Sheria na litahini kwa mdomo.

Nawe kijana unayeitamani kazi hii, usingoje mpaka baraza liamke. Usilihesabu somo la Kiswahili kuwa alama ya kupita tu. Siku moja mtu atakuuliza, kwa sauti ya hofu, amefanya kosa gani. Atakuwa na haki ya kupata jibu analolielewa, tena kutoka kinywani mwako mwenyewe.