Nani anamlipa anayecheza simba?

Wana Msimbazi tulieni, wiki hii siwagusi. Na nyie wa Jangwani msianze kushangilia. Simba ninayemzungumzia ni yule mwenye manyoya shingoni, anayenguruma usiku kule Katavi mpaka ng'ombe zizini wanaanza kukanyagana. Simba huyo ana kesi. Ukiisikia juu juu utadhani ni ile ya siku zote: mzungu anampenda mnyama, Mswahili anamuua, mzungu analia, askari anakamata. Ya Mpanda ina utamu wake, msomaji wangu, maana huku kuna watu waliacha kumkimbiza muuaji wakaenda kumuuliza anayemlipa.

Kwa ambaye hajafika: ukitoka Mpanda mjini kwa barabara ya Sumbawanga, hujakaa sana unafika Sitalike, pale darajani kwenye mto Katuma ambapo viboko wamejaa kama abiria wa daladala ya jioni. Hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Ina kilomita za mraba 4,471. Unguja na Pemba zote ukizimwaga humo ndani, nafasi inabaki.

Na jina lenyewe je? Katabi, kama wanavyosimulia wenyeji, alikuwa mwindaji. Mwindaji hasa, wa sifa. Roho yake inasemekana inakaa kwenye mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na mpaka leo kuna watu wanaoweka sadaka pale chini kuomba baraka zake. Yaani hifadhi ya wanyama imepewa jina la mtu aliyekuwa anawawinda! Halafu anakuja mtu na fulana yenye picha ya simba anawaambia watu wa huku kwamba uwindaji ni ushamba.

Sasa twende Mpimbwe, upande wa kusini wa hifadhi. Kibaoni, Usevya, Majimoto, Mamba, vijiji hivyo. Wenyeji ni Wapimbwe, lakini kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walianza kushuka na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Ng'ombe na simba wakawa majirani, na ujirani wa namna hiyo unaujua mwenyewe.

Wasukuma wana mila yao. Kijana akimuua simba aliyekula ng'ombe, anahesabiwa ameikomboa jamii nzima. Hatembei hivi hivi kwanza, maana inaaminika simba aliyeuawa anaweza kumvuruga mtu akili, kwa hiyo mtaalamu wa jadi anamfanyia dawa. Akitoka hapo anavalishwa, anazunguka boma kwa boma akicheza ngoma ya simba. Kila nyumba inatoa kitu: huyu ng'ombe, yule mbuzi, mwingine nafaka au fedha. Ni shukrani. Leo umeniondolea adui, kesho angenimaliza mimi.

Kwa mila, hapo sina ugomvi. Nani asingemshukuru? Hata sheria zetu zinatambua kwamba mtu anaweza kumuua mnyama anayehatarisha maisha au mali, isipokuwa ngozi na kucha zinabaki mali ya serikali. Ukikutwa nazo bila kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaweza kukupeleka ndani miaka 20 mpaka 30. Ukitoka huko, ng'ombe uliopewa wameshazaa vitukuu vya watu wengine.

Kasheshe ilianza pale vijana walipopiga hesabu. Kama kumuua simba kunaleta ng'ombe, ya nini kumsubiri simba aje zizini? Si bora umfuate mwenyewe? Wakaanza kuingia porini, wengine ndani kabisa ya hifadhi, kumtafuta simba ambaye hajala hata mkia wa ndama wa mtu. Anamuua kule mbali, anarudi kijijini anavaa, anaanza kuzunguka. Na nyumba zinatoa vilevile, kwa sababu mila haikuwa na swali la simba huyo ametoka wapi.

Mtafiti Emily Fitzherbert na wenzake, waliofanya kazi maeneo hayo kwa miaka, waliandika mwaka 2014 kwamba watu waliokuwa wanalipiza kisasi wamegeuka kuwa wawindaji. Mimi kwa lugha ya kijiweni nasema imegeuka dili. Mnamjua yule mshikaji wa mtaani anayegawa kadi za mchango wa harusi kila baada ya miezi minane, na bibi harusi haonekani? Mnachanga kwa sababu mwaka ule mwingine alichanga yako. Mnanung'unika chumbani, mlangoni mnatoa. Ngoma ya simba ilikwenda njia hiyohiyo.

Na watetezi wa wanyama je? Njia ya kwanza ilikuwa ileile ya kila mahali: doria, bunduki, pingu. Kumbukeni Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, ilivyoanza Oktoba kwa mbwembwe na kusimamishwa Novemba kwa vilio, watu wakilalamika kupigwa, kuporwa na hata kuuawa, mpaka Desemba mawaziri wanne wakapoteza viti. Baada ya mambo kama hayo, mwanakijiji akiona gari la uhifadhi haoni mtetezi wa simba. Anaona kipigo kinakuja kwa tairi nne.

Njia ya pili ni mahubiri. Simba ni urithi wa taifa, simba ni kivutio, simba analeta dola. Yote kweli. Lakini simama mbele ya mtu aliyeamka asubuhi akakuta dume lake la kulimia limebaki kichwa na kwato, umwambie hayo. Dola anazisikia redioni. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, na majina yenyewe yanakueleza kila kitu: ni cha kufutia jasho, siyo cha kununulia ng'ombe mwingine.

Ndipo ikaja kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, kule Mpimbwe, iliyobebwa baadaye na vijana Watanzania wa shirika la LCMO. Hawa nawapa tano, kwa jambo moja. Walikwenda kwa Wasukuma wenyewe, kwa wazee na viongozi wa jadi, na hoja haikuwa simba ni mzuri. Hoja ilikuwa ng'ombe wenu wanakwenda wapi?

Maana hesabu ni hiyo. Simba wa kweli mla ng'ombe anakula mmoja, wawili. Mcheza simba anapita nyumba nyingi na kila nyumba inatoa. Simba aliyekuwa huko porini na mambo yake, asiyemjua mtu, kifo chake kinakigharimu kijiji kuliko uhai wake. Wazee wengi walikuwa wameshaliona hilo siku nyingi na limewakaa rohoni, ila nani awe wa kwanza kufunga mlango aitwe mchoyo? Mtu mmoja akikataa, ni bahili. Wakikubaliana wote kwa sheria ndogo, kwamba anayecheza anatozwa na anayempa naye anatozwa, aibu inaondoka. Unamwambia kijana: mwanangu, mimi ningependa, lakini umeona mwenyewe, nitapigwa faini.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Wanaharakati wengi duniani wanapambana na mwenye bunduki au mkuki. Hawa walimtazama anayepiga makofi.

Lakini vijana nao wana neno lao, na nimelisikia kijiweni Mpanda likisemwa kwa hasira. Mbona mzungu anaua? Kule jirani tu, mapori ya akiba ya Rukwa na Lukwati, kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii. Mgeni anakuja na leseni, anapiga simba, anapiga picha, anaondoka na ngozi akaitundike sebuleni. Yeye anaitwa mtalii. Kijana wa Mamba akifanya hivyohivyo anaitwa jangili. Tofauti yao ni nini kama siyo mshiko?

Nusu ya hoja hiyo naikubali, tena kwa moyo wote. Ujiko ni uleule. Mmoja anautafuta kwa ngoma, mwingine kwa picha ya ukutani. Nusu nyingine inakataa. Mwenye leseni anafungwa na idadi, analipa serikalini, na kwa kanuni zetu simba anayepigwa anatakiwa awe dume la miaka 6 au zaidi, ambaye ameshaacha watoto. Anayenyatia usiku na mkuki hachagui. Akikutana na jike mwenye watoto, ni huyohuyo.

Wala msidhani mwenye leseni analala usingizi. Mwaka 2015 daktari wa meno wa Kimarekani, Walter Palmer, alimuua simba Cecil kule Zimbabwe, karibu na hifadhi ya Hwange, na dunia nzima ikawaka. Watu waliandamana mpaka nje ya kliniki yake. Desemba ya mwaka huohuo Marekani ikamweka simba wa Afrika chini ya sheria yake ya wanyama walio hatarini, na ngozi ikawa haiingii kule bila kibali maalum. Karibu na sisi zaidi, mwaka 2023 na 2024 tembo dume wenye meno marefu, wale wanaotembea kati ya Amboseli na upande wetu wa mpaka, walipigwa na wawindaji upande wa Tanzania, na watetezi wa Kenya wakaja juu. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Sisi tulifunga 1973, tukafungua 1978. Tembo hana pasipoti. Akivuka, anahama kutoka sheria moja kwenda nyingine bila kujua.

Kelele za namna hiyo huwa zinafika kwenye magazeti ya London na New York. Za Mpimbwe hazifiki. Simba wa Mpimbwe hana jina, hana hata picha. Anayejua kama yupo au hayupo ni mchunga ng'ombe wa miaka kumi na mbili, kwa nyayo alizoziona mtoni.

Halafu kuna nyie wa mjini, ndugu zangu wa Mpanda, Tabora na Dar. Kijana amevaa, anacheza, vumbi linatimka, na wewe umetoa simu unarekodi, unarusha kwenye makundi huku umeandika “mwanaume huyo”. Hujatoa ng'ombe, lakini umetoa kitu ambacho kijana anakitaka kuliko ng'ombe. Zamani sifa zake ziliishia vijiji vitatu. Siku hizi zinafika Mwanza kabla hajavua vazi. Sheria ndogo ya kijiji haina faini ya kukufikia wewe.

Mzee mmoja wa Kisukuma nilikaa naye siti moja kwenye basi la Majimoto. Nilimpa shikamoo, tukaongea ya mvua na bei ya mpunga, mwisho nikamchokoza na hili. Alicheka kwanza. Akasema yeye ujanani aliwahi kutoa ng'ombe kwa mcheza simba, na hajuti, kwa sababu simba yule alimjua. Alikuwa amekula wake.

“Na huyu wa juzi juzi, mzee?”

“Huyu wa juzi alikuja, kijana wangu, akacheza vizuri sana. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza: huyo uliyemuua, alikula ng'ombe wa nani?”

“Akajibu nini?”

“Atajibu nini? Alinyamaza. Mimi nikaingia ndani.”

Nikamwambia basi mzee umemkomesha. Akatikisa kichwa, akatazama nje dirishani.

“Alikwenda kwa jirani yangu. Wakampa mtamba.”