Mlango Kwanza, Hotuba Baadaye

Sheria kubwa ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilitiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Inambana mwenye hoteli, mwenye duka na mwenye sinema: mtu wa kiti cha magurudumu lazima aweze kuingia. Haimbani mwenye sinagogi. Nyumba za ibada, za Wakristo, za Waislamu na za Wayahudi, zilisamehewa sharti hilo. Basi unapokuta sinagogi lina mteremko mlangoni, mara nyingi kuna watu waliokaa kikao wakakubaliana kutoa fedha. Na unapokuta ngazi tupu, kuna watu waliokaa kikao vilevile, wakazungumza mengine.

Naanza na hilo, ndugu msomaji, kwa kuwa nataka tuwatazame Wayahudi wa Marekani wanaojitolea kutetea wanyonge: wafanyakazi wa majumbani, wapangaji, wakimbizi, watu wanaobaguliwa kwa rangi zao. Wana historia ndefu katika kazi hiyo, na mikutano yao mingi hufanyika humohumo masinagogini na katika kumbi zake za chini. Hoja yangu ni moja. Mkutano wa kudai haki huanza kupimwa mlangoni, kabla msemaji wa kwanza hajasafisha koo. Nani ameweza kuingia, nani ameelewa, nani amekula, nani amebaki nje akisikia makofi: hapo ndipo haki inapotendeka au kukosekana, hata kama hotuba zitakuwa tamu kiasi gani.

Mafundisho hawakuyakosa. Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Musa alipolalamika kuwa ulimi wake ni mzito, hakuambiwa ajikaze. Alipewa nduguye Haruni awe msemaji wake. Meza ya Pasaka ya Kiyahudi hufunguliwa kwa maneno ya kumkaribisha kila mwenye njaa. Lakini tusifiche la pili. Kitabu kilekile cha Walawi, sura ya 21, kinamzuia kuhani mwenye kilema asikaribie madhabahu, na wanasheria wa kale waliwaweka viziwi wasiosema kundi moja na watoto wadogo na wendawazimu katika mambo mengi. Anayetafuta kisingizio atakipata humo, na anayetafuta agizo atalipata.

Tuanze na lugha, maana watu wakisikia habari ya mlango hufikiri mbao na bawaba tu. Tarehe 22 Novemba 1909 wafanyakazi wa viwanda vya blauzi mjini New York walijaa ukumbi wa Cooper Union. Wakubwa wakahutubu muda mrefu, wakihimiza tahadhari, hata mshonaji mmoja kijana, Clara Lemlich, mzaliwa wa Ukraine, akaomba nafasi. Akasema kwa Kiyidi kwamba amechoka na maneno, akatoa hoja ya kugoma. Ukumbi ukaripuka. Waligoma watu wapatao 20,000, wengi wao wasichana wa Kiyahudi, na mpaka leo wajukuu wa wajukuu wao wanausimulia mgomo ule kwa fahari. Wana haki ya kujivunia. Ila kwenye viti vya jirani, nyuma ya cherehani zilezile, walikuwapo wasichana wa Kitaliano, na ni wachache tu kati yao walioingia mgomoni. Wakalaumiwa. Lakini chama cha wafanyakazi kiliendesha mambo yake zaidi kwa Kiyidi, na wahamasishaji waliojua Kitaliano walihesabika. Mtu atagomaje kwa hotuba asiyoisikia? Baadaye sana chama kiliwapa Waitaliano matawi ya lugha yao. Tawi namba 89 likaanzishwa mwaka 1919, likaja kuwa kubwa kuliko yote. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha Triangle kilishika moto huku mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Wakafa watu 146, Wayahudi na Waitaliano pamoja.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Mwaka 1968, alipouawa Martin Luther King, jeshi liliingia Washington. Mwanaharakati Arthur Waskow, ambaye wakati huo hakuwa rabi bado, alikuwa akirudi nyumbani kujiandaa na Pasaka akakuta gari la jeshi limeelekeza bunduki ya rashasha mtaani kwake. Akaona jeshi la Farao liko mbele yake, naye anakwenda kusimulia habari za Farao mezani! Akaiandika upya simulizi ya Pasaka na kuyatia ndani mapambano ya watu Weusi. Tarehe 4 Aprili 1969, mwaka mmoja kamili baada ya mauaji, watu wapatao 800, Wayahudi na Wakristo, Weusi na Weupe, waliketi kula pamoja katika ukumbi wa chini wa kanisa la Weusi liitwalo Lincoln Temple. Zingatia mahali. Hawakuwaita Weusi waje sinagogini kuwa watazamaji wa sherehe ya wenzao; waliibeba meza yao wakaipeleka kwa watu. Walishutumiwa sana kwamba wamechanganya ibada na siasa, na sisemi kila shutuma ilikuwa ya bure. Hata hivyo karamu za namna ile zingali zikifanywa Marekani kila mwaka, na naona baadhi ya waandaaji wameyashika maneno ya Waskow wakasahau miguu yake.

Sasa nije kwa Judy Heumann, mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu, aliyefariki mwaka 2023. Huyu alizaliwa 1947, akapooza kwa polio akiwa mdogo, akalelewa Brooklyn na wazazi Wayahudi waliokimbia Ujerumani. Shule ya mtaa ilimkataa ikidai kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukizuka. Katika kumbukumbu zake ameeleza pia kwamba shule moja ya Kiyahudi iliahidi kumpokea iwapo angejifunza Kiebrania. Mtoto akajifunza, na bado hakupokewa. Tusome hapo taratibu. Waliomfungia walikuwa watu wake, na lugha waliyomwekea kama sharti ilikuwa lugha ya Torati inayokataza vikwazo.

Aprili 1977 Heumann na wenzake zaidi ya 100 walilikalia jengo la serikali huko San Francisco wakidai kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza kuwabagua watu wenye ulemavu, zitiwe saini. Haikuwa shughuli ya Kiyahudi, lakini sijui shule bora zaidi kwa mtu anayetaka kuandaa mkutano. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka habari nje kwa lugha ya alama. Siku hiyo wenye masikio ndio waliohitaji msaada. Chama cha Black Panther kilileta chakula cha moto siku kwa siku. Watu walilala sakafuni bila dawa zao za kawaida wala wasaidizi wao wa kuwageuza usiku. Na mikutano yao ilikwenda mpaka usiku wa manane, kwa kuwa mwenye usemi mzito alisubiriwa amalize sentensi yake, na mkalimani alisubiriwa aifikishe kwa viziwi. Hakuna aliyekatizwa kwa kisingizio cha ratiba. Waziri Joseph Califano alitia saini tarehe 28 Aprili. Wale waliokuwa wakipoteza muda, kama ambavyo mwenyekiti mwenye haraka angewaita, ndio walioshinda.

Kuna mlango wa kalenda pia. Mwaka 2017 maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi yalipangwa kufanyika Washington tarehe 30 Septemba, siku ya kukumbuka mauaji ya Weusi huko Elaine, Arkansas, mwaka 1919. Tarehe hiyo iliangukia Yom Kippur, siku kuu ya toba na mfungo, ambapo Myahudi mshika dini hawezi kuandamana. Waandaaji waliomba radhi hadharani. Safari hiyo Wayahudi ndio walioachwa nje, nao walisema, wakasikilizwa. Wakumbuke hivyo wanapoweka shughuli zao Ijumaa usiku na mshika Sabato anakaa mbali, au wanapoweka mkutano saa kumi na moja jioni na mama wa mshahara mdogo bado yuko kazini.

Mlango mgumu kuliko yote ni ule wenye mlinzi. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliua watu 11 katika sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh. Muuaji alilitaja shirika la HIAS, la Kiyahudi, linalosaidia wakimbizi, na moja ya jumuiya zilizosali katika jengo lile ilikuwa imeshiriki Sabato ya wakimbizi na shirika hilo. Nani basi atawaambia Wayahudi waache milango wazi? Si mimi. Lakini utafiti wa Pew wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kati ya Wayahudi watu wazima 100 wa Marekani, wapatao 8 si Wazungu. Hapa jirani yetu, karibu na Mbale nchini Uganda, wako Abayudaya, walioshika dini hiyo tangu 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Rabi wao Gershom Sizomu alihitimu Los Angeles mwaka 2008. Mmoja wao akifika New York Ijumaa jioni na kofia yake kichwani, mlinzi atamwuliza nini, na aliyemtangulia ameulizwa nini? Dawa haipatikani kwa kumwondoa mlinzi. Wekeni mwenyeji wa jumuiya asimame kando yake, ajue majina ya watu, na ndiye awe wa kwanza kufungua kinywa.

Sitasahau kutaja kwamba tangu Oktoba 2023 jumuiya nyingi zimegawanyika vibaya juu ya Israel na Palestina, na kuna watu ambao mteremko, mkalimani na chakula cha kosher vyote havitawarudisha ukumbini. Hilo ni jambo la makala nyingine, ndefu.

Wengine watanijibu kwamba fedha ni chache: mkalimani analipwa, maikrofoni ya kukodi inalipwa, ukumbi wenye lifti ni ghali. Kweli. Lakini ni kamati gani iliyowahi kukosa fedha za keki? Gharama hizi huonekana kubwa kwa kuwa huingizwa kwenye bajeti mwisho, kila kitu kikiwa kimeshanunuliwa. Mwingine atasema hakuna kiziwi anayekuja kwao. Atakujaje?

Nanyi mnaosoma haya Mombasa, Mwanza au Bujumbura, mnaokaa kwenye kamati za msikiti, za kanisa na za mtaa, chukueni lenu humu. Kabla ya kumtafuta mgeni rasmi, mmoja wenu aende ukumbini na mtu wa kiti cha magurudumu, waingie pamoja, wafike chooni pamoja, wafike jukwaani pamoja, maana wengi hutengeneza mteremko wa mlangoni wakaacha ngazi tatu za kupandia kwenye maikrofoni, kana kwamba mlemavu ameitwa kusikiliza tu. Maikrofoni itumiwe hata na mwenye sauti kubwa. Tangazo lieleze lugha zitakazotumika, saa ya kuanza na saa ya kwisha, kama kuna mtu wa kuangalia watoto, na namba ya simu ya kuombea msaada, iliyo mkononi mwa mtu anayepokea. Liandike idadi ya ngazi. Na kama lifti imeharibika, liseme imeharibika.